Chuma cha Ziada Upande wa Kushoto

Ajali iliyomvunja mguu mke wa baba mmoja wa hapa Tanga haikuanza siku gari lao lilipogonga kalavati. Ilianza mwaka na zaidi kabla ya hapo, chini ya mwembe, siku gari hilohilo liliponyooshwa na kuongezewa chuma ili liwe imara. Mwenyewe hataki jina lake liandikwe, ila amekubali kisa kielezwe kama kilivyo, kwa sababu anajua wapo wengi walio mbioni kufanya alichofanya yeye. Nami nimo katika hao wengi. Ningekuwa na gari lile, na pesa zile, na fundi yule mwenye maneno ya kutuliza moyo, sioni ni nini kingenizuia.

Gari ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998. Liliingia nchini likiwa limeshatumika Japani, likapita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kumfikia yeye. Usiku mmoja aligonga kona ya nyuma ya lori lililoharibika na kuachwa barabarani bila taa wala reflekta. Taa ya kushoto ilikwenda, na bampa, na madigadi, na rejeta. Hayo kila mtu aliyaona. Jambo ambalo halikuonekana upesi ni kwamba chesi ya upande huo ilisukumwa nyuma, ikajikunja mbele kidogo ya shokapu na kuelekea ndani. Bima yake ilikuwa ndogo, kwa hiyo hapakuwa na mkaguzi wa kampuni wa kulala chini ya gari na kuandika ripoti. Alibaki yeye na fundi.

Nieleze kwanza chesi ninayoisema, maana Land Rover na Corolla hazifanani hapa. Land Rover ya zamani, Hilux au Land Cruiser ya kazi ina fremu kamili chini, na bodi hukaa juu yake kwa bolti. Corolla, kama karibu magari yote madogo tunayoendesha, haina fremu ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo chesi. Tunachokiita chesi ya mbele ni mabomba mawili ya pembe nne, ya bati lililokunjwa na kuunganishwa kwa nukta za kuchomelea, moja kulia na jingine kushoto, yanayotoka kwenye ukuta wa injini hadi kwenye bampa. Ndiyo yanayobeba injini. Ndiyo yanayoshika krosmemba na mikono ya chini ya magurudumu, na yameungana na vikombe vinavyopokea vichwa vya shokapu. Yakihama milimita chache, gurudumu nalo limehama.

Fundi alitoa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kununua nozikati, yaani sehemu ya mbele ya gari jingine la aina hiyo iliyokatwa na kuletwa kutoka Japani, kisha kutoa humo bomba zima la kushoto na kulipachika mahali pa lile lililoharibika. Ya pili ilikuwa kunyoosha lililopo na kulitia nguvu. Ya pili iligharimu chini ya nusu ya ile ya kwanza, na kwa siku chache tu gari lingekuwa barabarani. Nani kati yetu, mwenye ada za watoto zinazomsubiri, hangeegemea ya pili?

Mnyororo ukafungwa kwenye chesi, upande wa pili ukazungushwa kwenye shina la mwembe, jeki ikawekwa katikati. Pale palipojikunja pakapashwa moto wa gesi hadi pakawa pekundu, nyundo ikafanya kazi yake. Boneti ilipokubali kufunga, kunyoosha kukaishia hapo. Kisha fundi akachomelea fleti nene ubavuni mwa bomba, na chuma cha pembe chini yake, kuanzia karibu na bampa hadi karibu na ukuta wa injini. "Sasa mzee wangu, hii hata ukigonga ng'ombe mbele haiingii," alimwambia. Ikaja pati, praima, rangi. Gari likang'aa.

Naomba msomaji aone jambo moja ambalo halimo katika habari hiyo yote: hakuna aliyepima. Hata futi ya kamba haikutolewa mfukoni. Kipimo kilikuwa boneti, na boneti hufungwa kwa bawaba na bolti zenye nafasi ya kusogezwa. Inaweza kulazimishwa ikae vizuri juu ya chesi iliyopinda.

Dalili zilianza wiki ileile. Upenyo kati ya boneti na madigadi ulikuwa mwembamba kushoto, na kulia kidole kilipita. Akaambiwa gari kuukuu haliwezi kurudi kiwandani. Ili gari liende sawa, usukani ulibidi ushikwe ukiwa umegeuka kidogo kulia. Akaambiwa barabara zetu zimeinama kushoto ili maji yateremke, na kwa kuwa ni kweli kwamba zimeinama, maneno yakamwingia. Hivi ndivyo wengi wetu tunavyopotea. Si kwa uongo mtupu, ni kwa ukweli mdogo unaowekwa mahali pasipo pake. Barabara iliyoinama hulivuta gari kidogo, na ukihamia upande wa pili wa barabara tupu mvuto nao hubadilika. Gari lake lilivuta kushoto popote lilipokuwa.

Tairi ya mbele kushoto ikaanza kulika upande wa ndani. Alipoona nyuzi zinakaribia kutokeza, aliihamishia nyuma na kuleta ya nyuma mbele. Hiyo nayo ikalika vilevile. Kuhamisha tairi ni jambo jema kwa gari zima, lakini kwa gari linalokula tairi upande mmoja ni kufuta ushahidi. Tairi ile ilikuwa inasema kila siku kwamba gurudumu halikusimama wima.

Akaenda kufanya wili alaimenti. Kijana wa mashine alifunga vipimo, akatazama, akaita mwenzake. Kulia kulikuwa sawa. Kushoto gurudumu lilikuwa limelala ndani kupita kiwango, na kwenye Corolla ile hapana skrubu ya kawaida ya kurekebisha mlalo huo kwa mbele. Kiwanda kiliupanga kwa kutegemea kwamba kikombe cha shokapu na krosmemba vipo mahali pake. Kijana alisema wazi: "Hii haiji, mzee. Tatizo liko kwenye bodi." Kisha, kwa kuwa mteja alikuwa amesimama anasubiri na uso umemshuka, akajitolea kupanua kidogo matundu ya bolti za shokapu ili gurudumu livutwe nje. Akalipanga hivyo, namba zikawa za kijani. Mzee akaondoka na karatasi inayoonyesha gari zuri. Nadhani hapa ndipo mahali ambapo kisa chote kingeweza kusimama. Mashine ilikuwa imekwisha kusema kwamba chesi haipo mahali pake, na tiba iliyotolewa ikawa kuinyamazisha mashine.

Kelele ya kugonga kwenye matuta ilifuata. Zikabadilishwa bushi, boljointi, shokapu mbili. Kila spea ilituliza kelele kwa muda, kisha ikarudi. Kioo cha mbele kikapasuka kutoka kona ya chini kushoto bila kupigwa na jiwe, kikawekwa kingine.

Halafu akatokea kijana wa kuosha magari. Huyu hakusoma ufundi popote. Alikuwa ameinua boneti, anafuta vumbi, akaona kwenye rangi mstari mwembamba uliokata bomba la kushoto kwa upana, pale fleti ilipoishia karibu na ukuta wa injini, na kutu ikitiririka chini yake. Akamwita: "Baba, njoo uone, hapa pamepasuka." Mzee aliona. Hakupuuza kabisa, alirudisha gari kwa fundi. Fundi akasema ni pati iliyokauka, akakwangua, na alipokuta kwamba ni chuma kweli, akapitisha mstari mwingine wa kuchomelea juu ya ufa na kupaka rangi. Ufa ulirudi ndani ya miezi michache, mrefu zaidi. Mara hii hakuna aliyeitwa.

Kwa nini ulipasuka hapo na si kwingine? Ukibana waya kwa koleo na kuukunja mara kwa mara, hukatika pale koleo linapoishia. Fleti ile nene ilizuia bomba lisicheze kwa urefu wake wote, na mchezo wote ukahamia mahali inapokoma, ambapo bati la kiwanda lilibaki jembamba kama zamani. Na hapo hapo fundi alikuwa amekata fleti mraba na kupitisha kuchomelea kwa kukingama, akalipasha bati moto na kuacha ukingo mkali ambao ufa huupenda. Kuchomelea juu ya ufa bila kuukwangua hadi mwisho wake na bila kuondoa kinachousababisha huongeza joto jingine na ukingo mwingine. Ndani ya bomba, rangi ya kiwanda ilikuwa imeungua, na hewa ya bahari ya Tanga haihitaji kukaribishwa mara mbili.

Siku ya ajali walikuwa wanarudi kutoka msibani Korogwe. Kati ya Segera na Muheza, kwenye kijiji, alikuwa katika mwendo wa hamsini kama alama zinavyotaka. Mbuzi wakakatiza, akakanyaga breki kwa nguvu. Gari lenye magurudumu yaliyosimama sawa lingesimama likitazama mbele. Hili lilijitupa kushoto, likagonga ukingo wa zege wa kalavati kwa kona ileile iliyoimarishwa. Yeye alitoka na kifundo cha mkono kilichoteguka. Mkewe, aliyekaa kiti cha mbele kushoto, alikuwa amefunga mkanda, na mkanda ulimshika kifua vizuri. Lakini sakafu ilimfuata. Mguu ulivunjika kuanzia goti kushuka chini, akalazwa hospitali ya Bombo wiki nyingi.

Gari lilipofunguliwa katika gereji nyingine, fundi chuma mmoja mtu mzima aliwaonyesha kilichotokea. Kipande chenye fleti na chuma cha pembe kilikuwa kimenyooka vilevile. Rangi yake haikukatika sana. Kilikuwa kimevunjika pale pale kwenye ufa, kikarudi nyuma kizima, kikapasua ukuta na kuingia palipokuwa na miguu ya mama. Ahadi ilitimia. Mbele haikujikunja.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ndilo kosa ambalo mtu mwema hulifanya kwa nia njema. Tunadhani gari gumu ndilo gari salama. Mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz aliona kinyume chake mapema. Hataza ya wazo lake ilitolewa mwaka 1952, na mwaka 1959 likaingia katika gari la kuuzwa. Wazo ni kwamba chumba cha watu kiwe kigumu, na mbele na nyuma viwe laini vya kutosha kujikunja na kula nguvu ya mgongano. Gari la kilomita 50 kwa saa likisimama ndani ya sentimita 60 za bati linalojikunja, nguvu ya wastani inayowapiga waliomo ni theluthi ya ile wanayopigwa nayo likisimama ndani ya sentimita 20. Zile sentimita ndizo fundi alizozifunga kwa fleti. Na kwenye magari yenye mifuko ya hewa, kompyuta huamua wakati wa kuifungua kwa jinsi mwendo unavyokatika. Ukibadilisha ugumu wa mbele umebadilisha kile inachokisoma.

Mtu asidhani ni balaa la miembe yetu na umaskini wetu. Huko Texas, Marekani, Honda Fit ya mwaka 2010 ilibadilishwa paa baada ya kupigwa na mvua ya mawe. Karakana ilibandika paa kwa gundi badala ya kulichomelea kama maelekezo ya Honda yalivyotaka. Mume na mke wakalinunua gari hilo likiwa limetumika, bila kujua. Desemba 2013 waligongana na pikapu, bodi ikashindwa kuwakinga, moto ukawaka, mume akanaswa ndani na kuungua vibaya. Mwaka 2017 baraza la mahakama huko Dallas liliamua karakana iwalipe zaidi ya dola milioni 31. Karakana ile ilikuwa na vifaa na ilikuwa na maelekezo. Kilichokosekana ni kuyafuata.

Sisemi kuongeza chuma ni kosa kila mahali. Fremu ya Land Rover kuukuu au ya Land Cruiser ya kubebea watalii huimarishwa, na mafundi wazuri wanajua namna: kipande cha kuongezea hukatwa kwa mshazari kiishe polepole, kuchomelea hufuata urefu wa fremu na si kuikingama, na unene hukaribiana na wa fremu yenyewe. Lakini hata hapo, chuma cha nyongeza huja baada ya kupima na kunyoosha. Chesi iliyopinda ikiimarishwa kabla ya kupimwa, kilichoimarishwa ni upindaji wake.

Kupima kwenyewe si kitu cha kuogopesha. Zipo mashine za kunyooshea zenye benchi na vipimo, na ukizipata mjini kwenu zitumie. Ila hata fundi asiyekuwa nayo anaweza kuegesha gari kwenye sakafu iliyo sawa, kulinyanyua kwa stendi nne kwa kimo kimoja, kuteremsha timazi kutoka kwenye matundu ya kiwanda yaliyo chini ya chesi, na kutia alama za chaki sakafuni. Kisha hupimwa kona kwa kona: nyuma kulia hadi mbele kushoto, na nyuma kushoto hadi mbele kulia. Vipimo viwili vikipishana zaidi ya milimita tatu hivi, kazi haijaisha. Apime na kimo cha kila tundu kutoka sakafuni, kwa sababu bomba linaweza kuwa limenyanyuka juu na kona kwa kona zikabaki sawa. Kazi hiyo haimalizi nusu siku.

Na kuna kanuni ambayo mafundi bodi waliofunzwa huifuata: kilichopinda hunyooshwa, kilichojikunja hukatwa na kubadilishwa. Bati lililojikunja hadi kuacha mkunjo mkali limechoka mahali hapo. Ukilirudisha kwa nguvu hupasuka, ukilirudisha kwa moto hulainika. Corolla ya mwaka 1998 ina bati nyingi za chuma laini ambacho huvumilia makosa kiasi. Magari ya miaka ya karibuni yana vyuma vya nguvu vilivyopata ugumu wao kiwandani kwa joto lililopimwa, na moto wa gesi huuondoa ugumu huo usirudi. Kadiri magari mapya zaidi yanavyoingia mitaani kwetu, mkono uliozoea moto utadhuru zaidi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, gari lako likigongwa mbele, mwambie fundi asiguse pati kabla hujaona chuma kitupu na kukipiga picha. Mwombe akuonyeshe namba za vipimo, kabla na baada. Ukichagua nozikati, iangalie nayo, isije ikawa ilikatwa kwenye gari lililogongwa. Kitakachochomelewa kipakwe dawa ya kutu kwa ndani pia, na nyaya za betri zifunguliwe kabla ya kazi kuanza. Kisha alaimenti ifanywe, na ikiwa kijana wa mashine atasema haiji, mshukuru, chukua karatasi yenye namba mbaya, rudi nayo kwa fundi. Na anayekuoshea gari akikuita uone kitu, inama uone.

Mama yule sasa anatembea, kwa fimbo mwanzoni na sasa bila fimbo, ingawa ngazi zinamsumbua. Mumewe alipata mnunuzi wa gari lile, mtu aliyelitazama na kusema mbele patanyooka tu, chuma kipo. Bei yake ilikuwa nzuri. Mzee alikataa. Aliuza injini, giaboksi, viti na milango mitatu, akamlipa fundi aikate bodi vipande mbele ya macho yake, akauza chuma chakavu kwa kilo, na kadi ya gari akaipeleka TRA ili usajili ufutwe.